Vumbi la Mgongoni

Juzi mjukuu wangu alimwangusha mwenzake uwanjani, akamruka, akaenda zake kushangiliwa. Ndiye nahodha wa timu ya shule yao hapa Morogoro. Nilipomgombeza alinijibu, "Bibi, nahodha anatazama goli." Hasira zilinipanda, rafiki yangu. Niliingia uwanjani na kanga zangu, nikamwinua yule mtoto wa watu, nikamfuta vumbi mgongoni. Uwanja mzima ulinicheka. Wacheke tu, hawakumwona mjomba wangu.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa bingwa wa mieleka upande wetu wa Uluguru, enzi za Mdachi. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Maharage yakishavunwa, vijana walikusanyika kwenye uwanja wa kupuria, nasi wasichana tulipanda kutoka mtoni na vibuyu vya maji, huku harufu ya magimbi ya kuchoma ikitutoa mate. Watu walibwagana hasa. Pua zilivuja damu, na mimi nilipenda kutazama, sikufichi. Lakini mjomba alikuwa na amri mbili. Akiinua kiganja, mnaachiana hapo hapo, hata kama umeshamkaba mtu koo. Na mshindi hashangiliwi mpaka amwinue aliyemwangusha na kumfuta vumbi mgongoni kwa mkono wake mwenyewe. "Kesho utalima naye," alikuwa akisema.

Msimu mmoja askari watatu walipanda kutoka bomani kuchukua vijana kumi wa kubeba mizigo. Wengi waliochukuliwa kabla yao hawakurudi. Mkubwa wa askari hao, jitu lenye shingo nene, alitukuta kwenye mieleka, akacheka. Alimkabidhi mwenzake bunduki, akavua koti.

"Wewe ndiye bingwa? Ukiniangusha, naondoka mikono mitupu. Nikikuangusha, nachukua ishirini."

Walikamatana. Askari alimpiga mjomba kichwa cha uso, kisha akamng'ata bega mpaka nikaona nyama. Mjomba hakuachia kiuno. Alimnyanyua, akambwaga chali, vumbi likatimka. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu tulikuwa tunangoja. Mjomba aliinama, akamwinua, akaanza kumfuta mgongo kama alivyomfanyia kila mtu. Hapo ndipo alipokosea. Wale askari wadogo waliangua kicheko kuona mkubwa wao anapanguswa kama mtoto. Jitu lile lilinyakua bunduki, likampiga mjomba mdomoni kwa kitako cha bunduki hiyo. Meno yalianguka karibu na kibuyu changu.

"Hamsa ishirini!" liliamuru, yaani viboko ishirini na vitano.

Walimlaza kifudifudi wakamchapa kiboko. Kabla hawajafika nusu, ngozi ilikuwa ikiinuka pamoja na kiboko. Vijana walishika mapanga. Walikuwa wengi, na wale watatu wasingetoka hai. Mara mkono wa mjomba ukainuka kutoka chini, kiganja wazi.

"Mjomba, tuache!" kijana mmoja alilia.

"Nimesema acheni. Mkiwaua hawa, kesho wenzao watachoma nyumba na watoto ndani."

Tulikuwa tumeuona moshi wa vijiji vya ng'ambo ya bonde, kwa hiyo tulijua anasema nini. Mapanga yalishuka. Kiboko kiliendelea mpaka cha mwisho. Mimi nilimchukia mjomba wakati ule, nikidhani ameogopa, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Askari waliondoka mikono mitupu. Kama jitu lile lilitimiza ahadi, au liliyaona mapanga, sijui. Vijana wetu walibaki, wote.

Bibi yangu, mama yake mjomba, aliwageukia vijana. "Mnangoja nini? Mfuteni vumbi mwenzenu."

Walipanga mstari. Mmoja mmoja alipiga magoti, akanyoosha mkono, akaurudisha.

Mjomba hakucheza tena mieleka. Usiku alilala kifudifudi hadi alipokufa, na vijana walimtii hadi siku hiyo, ingawa hakuwa na nguvu ya kumwangusha hata mbuzi. Uwanja ule siku hizi ni bustani ya kabichi, na ile desturi yetu imebaki kwa bibi kizee mmoja anayechekwa na watoto wa shule. Mjukuu wangu bado amenuna. Nitamsimulia mapanga, nitamsimulia kiboko, atasikiliza. Sijui nitamwelezaje ile mikono ya vijana, imenyooshwa juu ya mgongo wa mkubwa wao, ikikosa pa kugusa.