Zamzam Kwenye Ndege ya Mjomba

Mjomba wangu alirudi kutoka Hija akiwa ametakasika dhambi zote, na alijichunga hata asiue nzi. Tatizo lilikuwa sisi jamaa zake wa Mikindani. Kila mmoja alikuwa amemwagiza maji ya Zamzam, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Nilikwenda Dar es Salaam kumpokea yeye na mkewe, turudi Mtwara kwa ndege ndogo ya abiria wachache. Rubani alitupima kwenye mizani mmoja mmoja, pamoja na mizigo, akasema uzito umefika ukomo, mtu asiongeze hata embe. Mjomba na mkewe wakaomba kwenda msalani. Walirudi wamenenepa. Kanzu ya mjomba ilikuwa ikilia kwa chupa kila hatua, na mkewe, bibi mwenye wajukuu, alikuwa na mimba pevu ndani ya buibui. Rubani, kwa adabu, alimshika mkono akamkalisha nyuma kabisa.

Tulipoanza kushuka Mtwara, mkia ukalemea. Rubani alihangaika na usukani, lakini ndege haikuufikia uwanja, ikalala juu ya mikorosho. Tulitoka wazima sote, tumelowa chapachapa. Aliyelia ni mke wa mjomba peke yake, maana galoni lake lilikuwa limepasuka.

Mkaguzi akatumwa kutafuta chanzo. Rubani alikwishamweleza kuhusu mkia, asijue kwa nini ulilemea. Sasa mkaguzi alikuwa barazani kwa mjomba. Mjomba akisema kweli atashtakiwa. Akisema uongo, Hija yake inaingia doa kabla joho halijafuliwa. Alipoulizwa aliongeza nini baada ya kupimwa, akajibu kwamba alipanda na nguo zake mwilini. Nikatazama sakafu.

Mkaguzi akafunga faili. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema mama yake ni mgonjwa sana na anatamani Zamzam. Je, Haji hakubakiwa hata na tone?

 Nilijua imesalimika chupa moja, aliyoiweka ya kunyunyizia sanda yake mwenyewe. Mjomba akaingia ndani, akaitoa.

Mkaguzi aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza.

"Mzee, hii ilipita kwenye mizani?"

"Haikupita, mwanangu," mjomba alisema. "Na zile nyingine zote hazikupita."

Mkaguzi akaitia chupa mfukoni, akafungua faili upya.