Mbele ya Foto, Nyuma ya Foto

Wazazi wenzangu wa Rumonge, mliniomba niandike yote ya safari yangu ya Bujumbura jinsi yalivyokuwa, nisiongeze wala nisipunguze. Nitajaribu. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu umezoea mashine ya mawese kuliko kalamu. Pale nitakapomwonea mtu, mnirekebishe.

Sababu ya safari mnaijua. Mwaka jana binti yangu Riziki, mwenye miaka kumi na mmoja, alishikwa na ule woga wa kupiga kelele na kukosa usingizi. Nilimpeleka Bujumbura, akalazwa pamoja na wanawake wazima, kwa sababu chumba cha watoto hakikuwepo. Kitanda cha pili alilala mama mmoja, mgonjwa kweli, simlaumu, aliyekuwa akimvuta nywele na kumwita kwa jina la mtoto wake aliyefariki. Riziki alirudi nyumbani akiwa hasemi na mtu yeyote wa nje. Kwa hiyo Dokta Esperance, daktari wa akili aliyemtibu, aliponipigia simu kwamba yeye na wenzake watakutana na wakubwa wa serikali, ili chumba cha watoto kiandikwe kwenye mpango wa nchi, sikuuliza maswali.

"Papa Riziki, ukuje useme mwenyewe," aliniambia. "Sisi tukisema, wanazani tunajitafutia kazi. We ni muzazi. Na ukuje na mutoto, nimuone."

Nilikubali, tena nilijivuna. Hilo nalo niliandike.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Tulipanda teksi ya Probox, Riziki akakaa mbele upande wa dirisha, maana akibanwa katikati ya watu anaanza kutetemeka. Dereva alitaka kumhamisha. Nikamwambia mtoto hajisikii vizuri.

"Ana malaria?"

"Ndiyo," nikasema.

Niliondoka nyumbani kwenda kudai watoto wetu wasifichwe, na kabla hatujafika Magara nilikuwa nimeshamficha wa kwangu. Barabara ziwa limeila vipande vipande, gari lilikuwa linatambaa, kwa hiyo nilipata muda mwingi wa kulifikiria hilo.

Saa tano tulikuwa Bujumbura, mtaa wa Mutakura, kwa shemeji yangu Mama Adela. Anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na siku nyingine huitwa kupika kwenye mikutano ya wakubwa. Alitupokea kwa kelele zake zote.

"Shemeji! Hii suti ni ya nani?"

"Ya pasta wetu."

"Basi pasta wenu ni mufupi! Magoti karibu inaonekana."

Riziki alicheka kidogo, kwa pua. Mama Adela akachukua karatasi yangu ya programu ya mkutano, akaisoma akiwa anageuza ndagala juani, kisha akaacha kucheka.

"Shemeji, we uko mbele ya foto ao nyuma ya foto?"

"Sijui. Mimi ni namba saba."

"Foto ya familia, ile ya watu wote pamoja, ni namba tano. Uko nyuma." Akanirudishia karatasi. "Mukubwa akishapigwa foto, anaendaka. Mi ndiye napikaka, najua. Sahani yake narudishaka nayo huku nyumbani."

Nikamjibu kwamba madaktari hawa wamesoma sana, hawawezi kukosea kitu kidogo hivyo. Akasema, "Sawa, shemeji," kwa namna ya mtu asiyetaka kugombana na mgeni.

Alhamisi, saa tatu. Ukumbi ulikuwa Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe, kila mtu na chupa yake ya maji, na ukutani bango lenye picha ya watoto wanaoruka kamba. Dokta Esperance alikuja kutupokea mlangoni, akachuchumaa mbele ya Riziki na kumwambia dawa itabidi ibadilishwe, na kwamba safari hii hataki kumlaza na wanawake wazima. "Leo tutapata kile chumba," akasema. Naamini alikuwa anaamini.

Yule mkubwa wa serikali tuliyekuwa tukimsubiri alifika saa nne na nusu. Niseme haki: alihutubia vizuri. Alisema mtoto mgonjwa wa kichwa ni mgonjwa kama mwenye homa, hajarogwa. Mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Kisha foto. Msichana wa protokole, wale wanaopanga wageni, alimshika Riziki mabega, akamweka mstari wa mbele, katikati. Nilidhani atapiga kelele. Mkubwa akainama.

"Unaitwa nani, mama?"

"Riziki," akasema.

Tangu ile hospitali hajawahi kumwambia mgeni jina lake. Nitamchukiaje mtu huyo? Nilikuwa nimesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa, na karatasi ya maneno yangu mfukoni. Ningeweza kusema, "Mukubwa, huyu ndiye aliyelazwa na wazima." Maneno machache tu. Mpiga picha akasema tutabasamu, nikatabasamu.

Ikafuata kahawa. Nilipokuwa nashika kikombe nilisikia magari yanawashwa. Waliofuatana na mkubwa walimfuata, na waandishi wa habari wakakunja nyaya zao.

Namba saba niliisoma mbele ya viti vitupu vyenye vitambaa vyeupe na madaktari wa akili wanne. Walinisikiliza hadi mwisho. Mzee mmoja alivua miwani akafuta macho. Lakini nilikuwa nawasimulia wale tu wanaojua.

Baadaye nilimuuliza Dokta Esperance, "Ulijua ataenda?"

"Wote tunajua."

"Sasa kwa nini mliniweka nyuma?"

"Papa Riziki, muzazi hawezi kusema kabla mukubwa hajafungua mukutano, na kufungua kunaishaka na foto. Protokole wangekataa programu yote."

"Muliwauliza, wakakataa?"

"Apana," akasema. "Hatukuuliza."

Mwanamke huyu humpigia simu mke wangu hata siku ya Jumapili kuuliza habari za mtoto, na madaktari wa namna yake ni wachache mno kwetu. Lakini siwezi kuandika kwamba waliuliza.

Ijumaa tulirudi. Mama Adela alitufungia ndagala, hakusema "nilikuambia". Ndani ya gari foto iliingia kwenye simu yangu: Riziki katikati, mkubwa ameinama, wote tunacheka. Dereva alipouliza mtoto ana nini, nilisema anaugua akili. Akasema pole, akapunguza redio. Hicho tu ndicho nilichokifanya sawasawa safari nzima.

Wiki ya tatu baada ya kurudi ule woga ulirudi kwa nguvu. Dokta alisema hakuna njia nyingine ila kumlaza, na nyinyi mliniona nikipita naye barabarani. Chumba ni kilekile cha wanawake wazima. Nesi mmoja alipomwona Riziki mlangoni alifurahi, akampigia mwenzake kelele: "Ukuje uone! Ni huyu wa kwenye foto!" Imebandikwa ukutani hapo wanapoandikisha wagonjwa, ina fremu nzuri.

Naandika haya kwenye benchi chini yake. Nilichojifunza ni hiki: wakituita tena, yeyote atakayekwenda kati yetu aseme kabla watu hawajapangwa mstari, hata kama suti si yake. Riziki amelala kitanda cha pili kutoka mlangoni. Tangu jana nesi anamuuliza jina, na hajibu.