Upande wa Bomba

Juzi nilirudi Mbotela, mtaa wetu wa zamani, rafiki yangu, na sikurudi kutembea. Nilienda matangani. Yule kipa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amefariki, na mimi muuza mitumba wa Gikomba nikafunga kibanda siku ya kufungua bale mpya. Wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Nilitoa mchango, nikanywa chai iliyokolea tangawizi, kisha nikatoka uani kutafuta ile milingoti miwili ya kuanikia nguo. Nikahesabu mmoja. Nikahesabu tena, kwa sababu mimi ni wa kuhesabu mara mbili, na bado ukawa mmoja. Umefungiwa nyaya za stima za watu nisiowajua.

Wewe ungeona mlingoti. Mimi niliona nusu ya goli.

Baba yangu alikuwa beki. Si wale wa picha ukutani, ni wale ambao jina lao hutajwa redioni wanapochelewa. Siku hizo, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mtu hakulipwa kwa kucheza mpira. Kampuni ilikuwa na timu, na kama ulijua kuzuia watu, kampuni ilikuandika kazi: tarishi, karani, msaidizi wa stoo. Asubuhi unapanga magunia, mchana unapiga watu vikumbo. Kazi ilikuja na nyumba, na mguu ukichoka vyote viwili vilikwenda. Nikizihesabu timu za baba napata sita. Nikirudia napata saba, maana moja ilivunjwa kabla hajavaa jezi yake, na hadi leo sijaamua kama ile tuihesabu.

Kila timu ilikuwa na mkokoteni wake wa kutuhamisha. Mama alikuwa anaweza kufunga nyumba nzima chai ikiwa bado moto. Mapazia yake hayakukatwa kwa kipimo cha dirisha lolote. Aliyaacha marefu, yakiburura sakafuni, kwa ajili ya dirisha la baadaye. Majirani nao hawakusumbuka kuuliza baba anacheza wapi, walitazama kamba yetu ya nguo. Jezi ya njano ikitoweka na ya bluu ikianikwa, mtaa ulijua amehama, na mwenye duka alijua aanze kutukopesha au aache. Nyanya akituma njugu kutoka magharibi hakukosa kuuliza kupitia kwa aliyezileta: bado anakimbiza mpira wa watu?

Mbotela tuliletwa na kiwanda cha unga. Kiwanda kilikuwa kimekodi nyumba kadhaa pale za wachezaji wake, safu mbili zinazotazamana, na ua katikati. Bomba la maji lilikuwa upande mmoja wa ua, na upande wa pili mtaro wa maji machafu ambao baraza la jiji lilikuwa limeusahau. Asubuhi uliamshwa na madebe yakigongana foleni. Jioni githeri ya mke wa kipa, mahindi na maharagwe, ilichemka mlango huu na dagaa wetu wa omena wakakaangwa mlango ule, na kila nyumba ikilalamikia harufu ya mwenzake huku ikituma mtoto na kibakuli.

Kipa alikuwa mtu wa kutoka Kiambu, mrefu, mkimya, mwenye viganja kama sinia. Yeye na baba hawakuitana kwa majina. Baba alimwita Namba Moja, naye baba akawa Namba Tano, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa migongoni mwao. Baada ya kazi na mazoezi walirudi wakafanya mazoezi tena, hapo uani, goli lao likiwa milingoti ya kamba. Mama aliwahi kuwaambia kwamba kama mpira ungekuwa ugali, tungekuwa tumenenepa.

Zoezi lilikuwa moja. Baba anasimama amempa kipa mgongo. Sisi watoto tunamrushia mpira kwa nguvu, kama washambuliaji, na yeye bila kugeuka anaurudisha nyuma kwa ubavu wa mguu. Enzi hizo kipa aliruhusiwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na mwenzake, kwa hiyo beki aliyebanwa aliurudisha na mambo yakaisha. "Beki anayegeuka kumtafuta kipa wake," baba alikuwa akisema, "ameshachelewa."

Lakini aliurudisha wapi? Upande mmoja wa goli ulikuwa mtaro, na mpira ukitumbukia huko, aliyeutoa alinuka hadi Jumapili. Kwa hiyo haukwenda huko hata siku moja. Ulikwenda upande wa bomba. Namba Moja alitumia mkono wa kushoto, na bomba lilikuwa kushoto kwake, akawa anajitokeza huko kabla hata mpira haujaguswa. "Bomba," alikuwa akinong'ona, na mpira unafika. Miaka minne, jioni kwa jioni. Hata uwanjani mbele ya watu walicheza vivyo hivyo, baba asigeuke, kipa awe pale, na watu wakidhani ni kipaji. Ulikuwa ni mtaro.

Kisha kampuni ya mabati ikaja na maneno matamu. Goti la baba lilikuwa limeanza kuvimba kila baada ya mechi, na mama alikuwa akilikanda kwa maji ya chumvi hadi taulo likawa la rangi ya chai. Ahadi ilikuwa hii: acheze msimu mmoja, na mwisho wa msimu wamthibitishe stoo. Kazi ya kudumu, hata mguu ukikataa. Na nyumba ingebaki ile ile, kampuni ya mabati ingelipa kodi. Kwa mara ya kwanza tukahama timu bila kuhama nyumba. Jezi kwenye kamba ikageuka kijani, basi. Mama alingoja wiki chache, kisha siku moja niliporudi shule nikakuta amepima dirisha na kuyakata mapazia. Vile vipande vilivyobaki akanishonea sketi. Nilielewa mambo yote kwa kuivaa ile sketi: hatuondoki tena.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa kati ya mabati na unga, kwenye uwanja ule wa Jogoo Road. Asubuhi Namba Tano na Namba Moja walitoka pamoja, kila mmoja na mkoba wake, wakaachana njiani kama watu wanaokwenda makanisa tofauti. Wake zao walibaki uani wakichambua maharagwe kwenye ungo mmoja, redio ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mke wa kipa alituambia leo tukishinda au tukishindwa tutakula pamoja. Mama akamwambia apunguze vitunguu basi.

Kipindi cha pili, bado sufuri kwa sufuri. Mtangazaji alisema beki wa kati wa mabati amebanwa, ameupata mpira, anaurudisha kwa kipa wake. Kisha akanyamaza kidogo, na mtangazaji wa redio akinyamaza jua kuna msiba. Alisema kipa alikuwa kulia kwake, mpira umepita kushoto, unabingirika, unabingirika, amejifunga.

Nilitazama bomba. Sikuhitaji kuambiwa. Yule kipa wa mabati alikuwa kijana mzuri, lakini hakuwahi kuishi kwenye ua wenye mtaro. Baba alikuwa amempa mpira mtu aliyekuwa amesimama goli la pili, na jezi ya adui.

Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Mke wa kipa naye alichambua, timu ya mumewe ikiwa imeshinda, na hakuinua uso. Mwisho mama alizima redio na kusema betri ni ghali.

Ikaisha moja kwa bila. Kabla hata baba hajafika nyumbani, maneno yalikuwa yamefika. Anaishi mlango kwa mlango na kipa wa unga, sivyo? Wanakula chungu kimoja, sivyo? Amejifunga dhidi ya nani, na mechi gani? Hesabu ilikuwa rahisi mno, na mtaani hesabu rahisi haihakikiwi mara ya pili. Kazini waliitana wakazungumza bila yeye. Baba hakujitetea. Alieleza mara moja, kwamba mguu ulikwenda ulikozoea, na maelezo hayo mbele ya mtu wa ofisi yalisikika kama mzaha.

Ndipo Namba Moja alipofanya kosa lake la uungwana. Alivaa koti la kanisani, akaenda hadi ofisi ya kampuni ya mabati bila kumwambia mtu, akaomba kumwona mkubwa wa timu. Alimweleza habari za ua, za milingoti, za bomba na mtaro. Yeye mwenyewe alimsimulia mama baadaye, amesimama mlangoni, koti bado mwilini. Yule mkubwa alimsikiliza vizuri sana, kisha akamuuliza, "Kwa hiyo wewe ulijua mpira utakwenda wapi?"

"Ndiyo."

"Ulijuaje?"

"Hapo ndipo ningekuwa nimesimama."

Mkubwa alimshukuru. Alisema hakuhitaji kusikia zaidi.

"Jirani," mama alimwambia polepole, "ungekaa tu nyumbani."

"Nilikuwa nasema ukweli, shemeji."

"Najua. Ndiyo maana."

Hakuna aliyeandikiwa barua ya kuuza mechi. Ila baba hakuthibitishwa, na mwisho wa mwezi nyumba ikahitajika. Mama aliyatungua mapazia. Yalikuwa ya kipimo cha dirisha lile, na sikuwahi kuona dirisha lingine yalilolitosha.

Siku ya mkokoteni vyombo vilikuwa vimeshapangwa, godoro juu, sufuria zikining'inia. Baba alikuwa uani akifungua kamba yetu ya nguo. Mtoto mmoja akampigia mpira wa nailoni, kwa mchezo tu. Baba hakuwa amemwona Namba Moja akitoka nje. Mguu wake ukaurudisha nyuma, na nyuma yake ukasikika mlio ule wa viganja. Alisimama vile vile, amempa mgongo. Hakugeuka. Kisha akamaliza kuikunja kamba, akaiweka juu ya godoro, tukaondoka.

Tulihamia Majengo, chumba kimoja. Timu iliyofuata ilikuwa ndogo na ilivunjwa kabla hajavaa jezi yake, hiyo ndiyo inayonichanganyia hesabu. Baba alimalizikia Gikomba, akibeba marobota ya nguo za watu kwa goti lile. Sokoni kila mtu anauza, na waliomtambua hawakumwacha apumue. "Beki, ile uliuza ngapi?" walikuwa wakimuuliza. "Tuambie bei, nasi tupeleke yetu huko." Alicheka nao. Naye ni mtu ambaye hakuwahi kuuza kitu maishani mwake. Akitumwa nyanya alilipa bei aliyotajiwa na kushukuru. Katika nyumba yetu mimi ndiye niliyejifunza kuuza, na nikajifunza vizuri, na hadi leo mteja akinitania kwamba nimemuuza, natabasamu nikamfungia mzigo, na siku hiyo sili chakula cha mchana.

Baba alikufa akiwa hajawahi kukanyaga tena Mbotela. Umbali wenyewe unaujua, mtu anatembea kwa mguu. Na Namba Moja hakuwahi kuja Majengo. Mimi niliamini walikosana, au kipa aliona aibu, na kwa miaka mingi nilimhesabia hilo.

Juzi, chai ikiisha, mjane wake alinishika mkono. Amekuwa mdogo, na sauti imebaki ile ile. Aliniambia mumewe hakudumu sana golini baada yetu. Walimletea mabeki wengine, vijana wenye nguvu kumshinda baba yako, alisema, lakini alikuwa anafungwa magoli ya ajabu. Beki akigeuza mgongo tu, mzee alikuwa ameshatoka, kushoto, mikono imefunguka, anangoja. Na mpira unapita upande wa pili mtupu. Makocha walimkanya, mashabiki walimzomea, naye hakuweza kuacha. Wakamwachisha. Nyumbani hakulizungumzia, isipokuwa siku moja alisema mtu hawezi kuhamisha miguu yake kama anavyohamisha vyombo.

Nilimpa tena mchango, ule wa pili, akaniambia nimeshatoa, nikamwambia ninajua.

Nilipotoka, ua ulikuwa umejaa viti vya kukodi. Mtaro umefunikwa kwa zege na juu yake kuna kibanda cha chipsi. Bomba limekatwa, limezibwa kwa kipande cha mti na mpira wa baiskeli, na waombolezaji walikuwa wamekaa kote, kila upande, kasoro pale karibu na bomba, kwa sababu bado linavuja na kufanya tope. Hapo palikuwa wazi, upana wa mtu mmoja aliyefungua mikono.