"Ciao" kwa Mwalimu wa Ayalandi

Leo mahojiano ya chuo cha Ayalandi nimeyafungua kwa Kiitaliano. 🙈

Salamu ya Kiingereza nimeifanyia mazoezi wiki nzima!

Simu nimeiegemeza kwenye twiga wa mbao, kwenye duka la vinyago la mama hapa Malindi, ambako wateja wetu wengi ni Waitaliano.
Sura ya mwalimu, mzungu, ikatokea kwenye kioo.
Mdomo ukaropoka wenyewe: "Ciao! Come stai?" Yaani, mambo, u hali gani?

Wenzangu mliokulia kwenye vinyago, mnanielewa.

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza, "Sasa mbona huendi kusoma Italia?"

Nikamwambia ukweli. Kiitaliano changu ni cha kuuzia tu, vitabu nimesoma kwa Kiingereza. Tena Ayalandi nikihitimu naruhusiwa kubaki nifanye kazi, nipate ujuzi, nije nifungue hoteli huku kwetu.

Akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Kwa upande wangu umepita," akasema.

Mama alikuwa kajibanza nyuma ya rafu, maana nilimwomba asitoe sauti. Simu ilipokatika tu, akaniuliza kama anavyoniuliza kila mteja akitoka:
"Amechukua?"
"Amechukua, mama."
"Kipi?"
"Mimi."

Akacheka, akanikumbatia. Kisha akanigeuzia mgongo, akashika kitambaa akaanza kumpangusa yule twiga.

Na twiga mwenyewe hakuwa na vumbi.