Suruali Iliyoangusha Kenya Pale Kinoru

Hii maneno nilikuwa nimeapa sitaisema, lakini kwa vile nusu ya Meru ilikuwa kwa ule ukumbi na nusu ile ingine imeshahadithiwa (na wakaongeza chumvi, ati sikuwa nimevaa kitu ndani, uwongo mtupu), heri mnisikie mimi mwenyewe. Aibu ni yangu, wacha niibebe.

Mnajua nilichaguliwa timu ya taifa ya pool, ule mchezo wa meza, fimbo na mipira, upande wa wawili wawili, ile mnapiga kwa zamu, wewe ukipiga mara hii mwenzako anapiga inayofuata, na mkiharibu mmeharibu pamoja. Mwenzangu alikuwa Njeru, kijana wa Embu, mpole, haongei sana, lakini akishika fimbo unaweza kudhani mipira inamwogopa. Shida ya Njeru ilikuwa babake. Huyo mzee ni mtu wa kanisa na kahawa, na kwake pool ni mchezo wa walevi, hajawahi kumwona mtoto wake akicheza hata siku moja. Sasa mashindano ya mataifa yalipoletwa hapa kwetu Meru, pale Kinoru, mzee akakubali kuja, mara moja tu, aone hicho kitu kinamtoa kijana shambani.

Asubuhi hiyo Njeru aliniambia, "Mutwiri, leo wewe unacheza na Tanzania. Mimi nacheza na baba."

Na mimi nikamwambia atulie, niko hapa. (Maneno yangu hayo, nikiyakumbuka nataka kujificha chini ya kitanda.)

Kosa lilianza na suruali. Timu ilitupatia suruali nyeusi, na yangu ilikuwa pana kama gunia la viazi la Timau, na kulikuwa na kamera, na nilikuwa nimeambia watu wote wa kazini watanitazama, kwa hivyo nikaipeleka kwa fundi aibane. Njeru aliniona nayo akasema, "Wacha hiyo suruali vile iko, si tutakuwa tunainama?" Sikumsikia. Hata fundi aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia abane, halafu abane tena kidogo. Ilitoka pale imenishika kama ganda la ndizi, hata kukaa kwa kiti nilikuwa nakaa polepole nikiomba Mungu.

Tulianza vizuri, siwezi danganya. Tukafika mchezo wa mwisho tukiwa sawa na Watanzania, anayeshinda anaenda fainali, na zamu yangu ikafika mpira mweupe ukiwa kule mbali katikati ya meza, nami nikajinyoosha, mguu mmoja chini, mwingine juu, nikapiga, na papo hapo nikasikia krrrrr. Kwanza nilidhani nimepasua kitambaa cha meza (heri kingekuwa cha meza). Halafu nikasikia baridi, na baridi ya Meru haibishi hodi. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Uuuwi, Yesu!"

Mpira niliolenga uliingia, lakini mimi nilikuwa nimeshakimbilia ukuta.

Njeru hakuona kitu, macho yake yalikuwa kwa babake. Aliona tu uso wangu. Akaninong'onezea, "Uko sawa?"

"Niko sawa."

Mkiniuliza ni kwa nini nilijibu hivyo, sijui. Kwa begi la timu kulikuwa na suruali ingine, ningesema tu, refa angenipa dakika chache. Badala yake nikafunga sweta kiunoni, refa akaniangalia akasema, "Sweta itoke, sare ni sare," nikaitoa, nikaanza kutembea upande upande kama kaa, mgongo kwa ukuta, na hapo ukumbi mzima ukaangua kicheko. Njeru akageuka huku na huku, masikini, akidhani wanamcheka yeye. Lakini alipiga vizuri hata hivyo. Akaingiza mpira wetu wa mwisho, akaniachia mweusi wa kumaliza mchezo mdomoni mwa shimo, mpira ambao hata nyanya yangu angeuingiza na mwiko.

Ilibaki niiname tu. Sikuinama. Nilisimama wima kama mtu anachimba shimo la mlingoti, nikaupiga kwa nguvu. Mweusi ukaingia, nikapumua, halafu ule mweupe ukaufuata pole pole, kama ng'ombe anafuata mwenzake zizini, nao ukaingia. Kwa sheria, mweupe ukiingia pamoja na mweusi, hapo tumeshindwa.

Mtanzania mmoja akaja kunisalimia. "Pole sana, kaka, mchezo ndivyo ulivyo." Akasogea sikioni. "Ila nyuma umechanika."

Mzee akateremka kutoka viti vya watazamaji. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Njeru, nimekuja na nimeona."

"Baba, ngoja kidogo..."

"Watu wote wanacheka na wewe uko hapo katikati. Hii ndiyo unaachia kahawa?"

Nilikuwa nimekaa karibu nao kabisa. Nilitakiwa nisimame niseme, mzee, hawamcheki Njeru, ni mimi, ni suruali. Nilifungua mdomo. Lakini kusimama kulikuwa ni kuonekana tena, kwa hivyo nikaufunga, mzee akavaa kofia yake akaenda.

Njeru alikuja kuchukua fimbo yake, watu walikuwa wameshamwambia habari ya suruali. Akasema tu, "Na nilikuuliza."

Wiki iliyofuata nikaenda Embu. Mzee alinipa chai, nikamweleza yote kutoka kwa fundi mpaka mwisho, akasikiliza bila kucheka. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa wewe, kijana, siku hiyo mdomo nao ulikuwa umechanika?"

Njeru alikuwa hapo chini kwa kahawa, anachuma, na alijua nimekuja, lakini hakupanda. Mzee akaniambia Njeru ameshajitoa kwa timu, na yeye kama baba hatamlazimisha kurudi wala kubaki.

Sasa natafutiwa mwenzangu mwingine. Kwa wale bado mnacheka nawaambia hivi: nguo ikikupasukia mbele ya watu, geuka uwaonyeshe, wacheke mpaka wachoke, halafu uendelee na kazi yako, kwa sababu kicheko huisha. Mimi hata huko sokoni wameanza kunisahau. Njeru ndiye bado hashiki simu.