Nilimchagulia mama komode ya zamani, nikaikagua yote, nikasahau kuuliza ya nani

Wakuu, natumai mko salama. Mimi niko salama ila nimechoka, kwa hiyo mtanivumilia nikiandika polepole. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bujumbura. Sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nimepaacha kama palivyo.

Mods, naomba uzi ubaki huku kwenye mambo ya nyumba.

Mama yangu alihamia kwetu Kinanira miezi mitano iliyopita. Baba alifariki, mwaka wa msiba ukaisha, nyumba ya kijijini ikabaki kwa kaka yangu mkubwa. Mama akaja kwetu kwa sababu ya magoti yake na kuwa karibu na daktari.

Tulimpa chumba chenye dirisha kubwa, kitanda kizuri na kiti. Lakini nguo zake hazikutoka kwenye valizi, lile sanduku alilokuja nalo.

Yaani kila asubuhi anaivuta kutoka chini ya kitanda kwa mguu, anatoa kitenge cha siku hiyo, anafunga zipu, anairudisha kwa mguu. Miezi mitano.

Mke wangu Odette ndiye aliyeliona kwanza. Akaniambia, "Uyu mama angali mu njia."

Hata mimi nilijua. Ukuta wetu ni mwembamba, na ile zipu ya alfajiri niliisikia kila siku. Nawaambia, inachosha kuliko kelele za jirani.

Nikaamua kumtafutia komode, lile kabati fupi la droo peke yake. Akipata pa kuweka nguo atajiona amefika. Ndivyo nilivyofikiri.

Kwa nini ya zamani? Za siku hizi nyingi ni mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi. Mvua mbili tu, droo inavimba, hufungui bila kupiga teke. Ya zamani ya libuyu, ile mbao ngumu inayotoka Congo, itawazika wajukuu zenu.

Kwa wanaoanza, usiogope, si elimu kubwa. Usianze na uso wa komode, anza na mgongo, kwa sababu muuzaji hupaka vanishi mbele tu. Toa droo moja, iangalie kwenye kona: kama mbao zimeshikana kwa meno kama vidole vilivyofumbatana, fundi alikuwa fundi. Kama ni misumari mitupu, shukuru na uende zako. Halafu gonga miguu yake. Ikidondosha unga mweupe, wadudu bado wanakula humo ndani.

Jumamosi tatu nilizunguka. Mafuta ya gari hakuna, mnajua hali yetu, kwa hiyo ni kwa miguu. Karibu na Zone Industrielle jamaa mmoja alinionyesha komode iliyong'aa kama kiatu cha harusi.

"Iyi ni ya wakati ya Babeleji, papa."

Nikaenda nyuma. Mgongo mzima ni triplex mpya, zile mbao nyembamba za kubandikwa kwa gundi. Nikamuuliza kama Wabelgiji nao walikuwa na triplex.

Akafikiri kidogo. "Basi ni ya mutoto ya Mubeleji."

Nilicheka, lakini miguu ilikuwa imekwisha.

Jumamosi ya tatu nikaelekezwa nyumba moja Gihosha. Kijana wa miaka thelathini hivi, mstaarabu, akanipeleka chumba cha nyuma. Wakuu, ilikuwa pale. Libuyu, droo nne, vishikio vya shaba, mgongo wa mbao nzima. Hakuna unga. Nilivuta droo zote nne, zikateleza kama kwenye mafuta.

Kijana akasema ni ya baba yake, ametutoka.

Nikasema pole sana, kisha nikainama kuangalia tena kona.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Msinihurumie, endeleeni.

Tulipoifikisha nyumbani mama alisimama mlangoni akiitazama. Akapitisha kiganja juu yake taratibu. Nikamwona anatabasamu, nikamkonyeza Odette.

Akavuta droo ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu akainua karatasi iliyotandikwa ndani, akatoa miwani. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi.

"Iyi lineti ya nani?"

"Ya mwenye komode. Amefariki."

"Bameganduka?"

Kwa wasio wa huku: kuganduka ni siku ya kumaliza msiba kabisa, mara nyingi karibu mwaka baada ya maziko. Kabla ya siku hiyo vitu vya marehemu havigawanywi, sembuse kuuzwa. Hili sikulisoma kitabuni. Nililiishi mwaka mzima kwa baba yangu, na bado sikuuliza.

Nikampigia kijana. Akasema bado mwezi na kitu, lakini vitu ni vyao.

Mama akakaa kitandani na ile miwani mkononi.

"Mi nililinda kofia ya baba yako mwaka muzima, panya zinataka kuila. Leo nitaweka nguo zangu mu kitu ya mutu wangali wanamulilia?"

Nitasema ukweli, nilikasirika. Jumamosi tatu, mgongo unauma, na hatimaye nimepata kitu safi. Nikamwambia mama, hizi ni mbao tu.

Odette alinitazama, akatoka chumbani.

Mama alisimama. Aliivuta valizi kwa mguu, akatoa viatu vyake vya kutokea. "Rudisha. Na mi ninaenda na we."

Kesho yake tukapata kamyoneti, gari dogo la mizigo. Kama mtahamisha komode nzito, toeni droo kwanza mbebe moja moja, vinginevyo mwili wake unajipinda na hazitafunga tena vizuri. Nilizibeba zote nne kwenye ngazi za ile nyumba ya Gihosha, jua la saa sita, nikijisikia kama mwizi anayerudisha.

Mjane wa yule mzee alikuwepo. Kumbe komode iliuzwa akiwa kijijini kwa dada yake. Alikuwa amerudi siku moja kabla, akakuta alama ya vumbi sakafuni. Mtoto wake alisimama pembeni anatazama kucha zake.

Mama hakuanza na komode. Alimpa miwani.

Yule mama aliishika kwa mikono miwili. "Tangu jana natafuta iyi lineti. Nikasema ni akili yangu inaanza kutoka."

"Apana," mama akamwambia. "Akili yako iko. Ni ya batoto wetu ndiyo ilitoka."

Wakacheka kidogo, wajane wawili, kisha wakalia kidogo. Wakakaa pamoja saa nzima. Mimi na yule kijana tulikaa nje bila kutazamana. Ya kurudishiana pesa tuliyamaliza pale pale, siingii huko.

Tukiwa njiani kurudi mama akauliza, "Ulikuwa unatafuta komode ya nani?"

"Yako, mama."

"Na mbona mi sikuona soko?"

Nikamwambia sikutaka achoke.

"Kukaa tu ndiyo kunanichokesha," akasema, akamwambia dereva apite Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi.

Ndugu zangu, mama alizaliwa Buyenzi, akaolewa kijijini. Hilo nalijua tangu utoto, ila sijawahi kumwona akitembea kule. Kwa fundi wa kwanza aliomba kigoda, akakaa mbele ya komode, akavuta droo moja moja akiwa amekaa. Yenye droo ya kugusa sakafu aliikataa hata isifiwe vipi. Magoti hayakunjiki. Hapo ndipo nilielewa kwa nini valizi ilikuwa inavutwa kwa mguu. Na mimi nilikuwa nimemletea droo nne, ya mwisho karibu na zulia.

Fundi alimvumilia mpaka akachoka. Alikuwa Mwislamu wa makamo, kofia imejaa vumbi la randa.

"Mama, unanunua komode ao unaioa?"

"Mi niliolewa bila kupima mutu. Leo ninapima."

Karakana nzima ikacheka. Fundi akauliza ametoka wapi, maana Kiswahili chake si cha kijijini. Akamwambia, "Mi wa hapa hapa. We ndiye mugeni." Basi fundi akaanza kumwita "mama yangu", na bei ikashuka yenyewe.

Mama akachagua komode ya droo tatu, ya zamani kweli, yenye miguu mirefu, baada ya kuuliza ilikuwa ya nani na kuambiwa mwenyewe yuko hai. Kishikio kimoja hakifanani na vingine. Nikaenda nyuma: mgongo umewekwa triplex. Nikatoa pesa, nikalipa.

Nyumbani alionyesha mwenyewe iwekwe wapi. Si pale nilipokuwa nimepima. Akajaza droo mbili kwa mikono yake mwenyewe, vitenge, shali, picha ya baba. Akamwita Odette.

"Iyi ya chini ni yako, mukazana wangu. Leta vitu ya batoto."

Kisha akanigeukia mimi. "Na we, toa iyi valizi. Inajaza chumba yangu."

Miezi mitano alikuwa akisema "ile chumba".

Nimeibeba valizi hadi juu ya kabati letu, nikakaa chini.

Kwa hiyo wakuu, mgongo, kona na unga wa wadudu, angalieni vyote, vina maana. Lakini kabla ya hapo ulizeni mwenye kitu aliondokaje na kama waliobaki wamemaliza kumlilia. Na atakayekitumia, nendeni naye, hata kama anatembea polepole. Ukikosea kama mimi usijichape sana, kitu kikiwa bado kizima kinarudishika.

Wenye wazazi mnaoishi nao, wao walifungua mizigo lini, na ni nini kiliwafanya wafungue? Andikeni hapa chini, hata mistari miwili. Mimi nanyoosha mgongo kwanza, nitawasoma wote.