Wenyeji wa Usiku Mmoja

Ndege imeshaacha jengo la abiria, inajongea kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia. Nyuma ya uzio amesimama mwanamke ambaye kiwanja kizima kinamwita Dada Mikanda. Mkono wake unaonyesha mlango wa kulia, wa kushoto, kisha unakaza mkanda ambao haupo.

"Dada Mikanda, wa viti vya nyuma umewasahau!" mpakia mizigo anamtania.

"Wa nyuma wana macho, kaka. Niache."

Miaka saba alihudumu ndani ya ndege hiyo. Sasa anapima mabegi ya abiria wake. Asiporuka safari hata moja kabla ya mwisho wa mwezi, cheti chake cha uhudumu kinakufa, na kukifufua ni kurudi darasani, kwa ada ya mishahara ya mwaka mzima.

Kazi aliipata kwa sababu ya leseni. Kampuni iliruhusiwa kutua hapa kwa sharti kwamba wahudumu wawe wenyeji wa mji. Wasichana wanne wakafunzwa. Baadaye kampuni ikaligeuzageuza neno hilo "wenyeji". Siku hizi wahudumu huletwa na ndege ya jioni, wanalala gesti nyuma ya kiwanja, na kukicha wameshakuwa wenyeji.

"Wananiuliza mimi duka la sabuni liko wapi," anasema. "Wenyeji gani hao?"

Wenzake watatu walipokwisha kuachishwa, mkaguzi wa leseni alikuja. Akawauliza wahudumu mmoja mmoja wanaishi wapi. Wageni wakatoa funguo za vyumba: hapa hapa, mzee. Dada Mikanda, kwa mazoea, akajibu utani wa wahudumu: "Mimi? Naishi angani."

Mkaguzi hakucheka. Ripoti ikasema wote ni wenyeji, isipokuwa mmoja.

"Nimezaliwa pale nyuma ya tangi la maji," anasema, akilionyesha kwa kidevu. "Ningesema hivyo tu. Mdomo huu!"

Shangazi aliyemlea alimsihi: "Rudi, mwanangu. Waambie kitovu chako kiko hapa."

"Shangazi, hawataki kitovu. Wanataka funguo."

Basi akazitafuta. Alipanga chumba gesti, mitaa miwili kutoka kitandani kwake, asubuhi akauweka ufunguo mezani kwa meneja wa kampuni. Meneja aliutazama akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwenyeji gani analala gesti?"

Cheti kilikufa mwisho wa mwezi. Wale wenzake, wawili wanauza vocha stendi, mmoja amehama. Mkaguzi amepandishwa cheo. Gesti imeongeza ghorofa. Mpakia mizigo bado anapakia, ila hatanii tena. Shangazi amekwishaanika sare kwa mara ya mwisho, akaikunja.

Dada Mikanda yuko mizanini. Anasema ana mpango mmoja tu: siku akiulizwa tena anaishi wapi, atajibu sawasawa.

Hajaulizwa.